UZI: Mwezi si siku thelathini. Venye muda wa kesi unahesabiwa na kwa nini watu wetu wanachelewa na siku moja

KaraniWaKisumu
Wadau wa Nyanza, Magharibi na Nakuru huko, naomba tukae kwa hii mada leo juu naona watu wetu wanaumia bure. Mimi ni karani kwa ofisi ya wakili hapa Kisumu. Kazi yangu ni kupeleka karatasi kortini, kuzipiga muhuri, kuzifikisha kwa wenyewe na kutunza ile diari kubwa ya tarehe. Na kitu kinaniuma roho ni mtu anaingia na kesi safi kabisa, mashahidi wako, P3 (ile fomu ya polisi ya majeraha) imejazwa, eksirei iko kwa bahasha, halafu wakili akifungua ukurasa wa kwanza anaangalia tarehe ananyamaza. Siku ya mwisho ya kushtaki imepita. Saa zingine imepita na mwaka mzima, saa zingine imepita na siku mbili tu, na mbele ya jaji hizo mbili ni sawa.

Msingi ndio huu. Sura ya 2 ya sheria zetu za Kenya, ile ya kutafsiri sheria zingine zote, inasema mwezi ni mwezi wa kalenda, na mwaka ni wa kalenda hii ya kawaida iko ukutani. Kwa hivyo ukipewa muda kwa miezi ama miaka usianze kujumlisha siku. Unatafuta nambari ile ile. Kitu kimefanyika tarehe 14 Machi na una miezi mitatu, ruka moja kwa moja hadi 14 Juni, usijali katikati kulikuwa na mwezi wa 31 ama wa 30. Mwenye anashikilia kwamba miezi mitatu ni siku 90 kuna mahali atanasa, na mahali penyewe ni Februari. Chukua 1 Februari 2025. Miezi mitatu inaisha 1 Mei. Hesabu siku 90 utaangukia 2 Mei, umeshachelewa na ulikuwa unajiona uko sawa.

Siku yenye tukio lilifanyika haihesabiwi, hiyo ni kifungu cha 57 cha hiyo Sura ya 2. Ukigongwa saa nne asubuhi, hiyo siku ilikuwa imeshaliwa nusu, kwa hivyo sheria inakuachia, saa inaanza kuhesabu siku inayofuata.

Muda wenyewe mwingi uko Sura ya 22, ile inaweka mwisho wa muda wa kushtaki: deni na mikataba miaka 6, ajali na uzembe miaka 3, kuchafuliwa jina miezi 12, kudai shamba miaka 12, kutekeleza hukumu miaka 12. Ukishtaki serikali unaenda Sura ya 39 na hapo wamebana, ajali na madhara ya aina hiyo ni miezi 12, mkataba miaka 3. Mambo ya kazi ni miaka 3.

Wekeni maswali, kila mtu na tarehe zake, lakini bila majina ya watu tafadhali.

MamaDuka_FreeArea
Karani asante sana kwa hii, ni kama ulikuwa unaniona. Mimi niko Nakuru, Free Area, nauza nguo za watoto. Mwenye nyumba ameniletea notisi. Imechapwa tarehe 1 Septemba lakini kijana wake aliileta 5 Septemba jioni nikifunga duka, nikaandika hapo pembeni na biro "nimepokea 5/9/2025" nikasaini nakala yake na yangu. Inasema nitoke 1 Novemba. Nikimpigia anasema ni miezi miwili kamili kuanzia tarehe ya barua na sina la kusema. Mkataba wa kuandika hatuna, ni kulipana tu kwa simu kila mwezi. Kweli nianze kufunga mizigo?

KaraniWaKisumu
Mama usifunge kitu. Hiyo biro yako ya pembeni ina nguvu kuliko tarehe yenye amechapa juu. Duka bila mkataba wa kuandika linalindwa na Sura ya 301, na hiyo sheria inasema notisi haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu *uipokee*. Tangu uipokee mama, si tangu yeye aketi kwa kompyuta. Umepokea 5 Septemba, miezi miwili ni 5 Novemba. Yeye ameandika 1 Novemba, amekosa siku nne, na notisi fupi ni notisi mbovu. Isitoshe lazima iwe kwa fomu iliyowekwa na sheria, si barua tu ya kawaida. Angalia yako iko kwa fomu gani.

Lakini hapa ndio watu wanaangukia. Usikae nyumbani ukisema notisi ni mbovu haina kazi. Una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali ama hukubali, yaani 5 Oktoba, na hiyo ni Jumapili, kwa hivyo mjibu Ijumaa tarehe 3 na uhakikishe amesaini kupokea. Halafu upeleke malalamiko kwa Tribunali ya kodi za biashara kabla ya ile tarehe ameandika yeye, 1 Novemba, hata kama tarehe yenyewe ni makosa. Mpangaji akinyamaza, sheria inaweza kuiacha hiyo notisi ifanye kazi. Ubovu wake unauleta mbele ya Tribunali, haujitetei wenyewe.

MamaDuka_FreeArea
Mungu akubariki. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta duka Lanet. Kesho naenda.

MwanafunziWaSheria_Kakamega
Karani uko sawa, naongezea kidogo juu hii ndio topiki nilisoma mpaka nikaiota. Kuna kesi ya Uingereza, Dodds v Walker ya 1981, ilifika hadi House of Lords, korti yao ya mwisho wakati huo. Mpangaji alipewa notisi tarehe 30 Septemba 1978, alikuwa na miezi minne ya kwenda kortini. Akaenda 31 Januari 1979. Wakili wake akajenga hoja kwamba siku ya kwanza haihesabiwi, kwa hivyo miezi inaanza 1 Oktoba na kuisha mwisho wa Januari. Walipoteza. Nambari ni 30, kwa hivyo mwisho ni 30 Januari, haijalishi kwamba Septemba inaishia 30 na Januari inaishia 31. Siku moja, na haki yote ikaenda.

Sasa kuna wenye hawaelewi kwa nini siku ya tukio inaachwa kwanza, na Karani ameigusa. Ni kwa sababu ni siku isiyo kamili. Ukitaka kuona hiyo sababu ikifanya kazi soma Matthew v Sedman, Korti ya Juu ya Uingereza 2021. Hapo kosa lilikamilika saa sita kamili usiku, tarehe 2 Juni 2011 ikiisha. Kwa hivyo 3 Juni ilikuwa siku nzima mtu angeweza kushtaki, haikuwa nusu. Korti ikasema siku nzima inahesabiwa, miaka sita ikaisha 2 Juni 2017 ambayo ilikuwa Ijumaa. Wao walifaili Jumatatu tarehe 5. Wakarudishwa. Siku ya korti inaanza saa sita usiku jamani, haingoji jua litoke.

Lakini Karani nina pingamizi moja. Katiba yetu kifungu cha 259(5) inasema muda wa miezi unaisha *mwanzoni* mwa siku yenye nambari ile ile, na miaka vivyo hivyo. Mwanzoni. Maana yake ukiwa na miezi mitatu kutoka 14 Machi, 14 Juni ikianza tu muda umeisha, siku yako ya mwisho ya kufanya kazi ilikuwa 13. Hiyo haigongani na ile umesema?

KaraniWaKisumu
Umeuliza swali zuri sana na ndio maana nilitaka mtu alilete. Hicho kifungu chenyewe kinasema ni cha kuhesabu muda "kwa madhumuni ya Katiba hii". Kwa sheria za kawaida kama Sura ya 22 unabaki na Sura ya 2 na namna korti zimekuwa zikihesabu, siku ya tukio nje, tarehe ya nambari ile ile ndani. Kwa hivyo kwa ajali ya 14 Machi mtu anaweza kusimama kortini akasema 14 Machi ya mwaka wa tatu ni yake bado.

Lakini sasa mimi kwa diari yangu nafanya hivi, na nawaambia nyote mfanye hivi: naandika nambari ile ile, nainyima siku moja, hiyo ndiyo naiita siku ya mwisho na ndiyo naipigia mstari mwekundu. Nikihesabu kwa Katiba niko sawa, nikihesabu kwa Sura ya 2 niko sawa. Mbona nimwachie mteja wa watu nafasi ya kubishania mwanzo wa siku na mwisho wa siku mbele ya jaji? Hiyo hoja ni tamu darasani, lakini mwenye mguu umevunjika haitaki.

MwanafunziWaSheria_Kakamega
Nakubali. Na mwezi usipokuwa na hiyo nambari, Katiba imetoa jibu waziwazi: unachukua siku ya mwisho ya huo mwezi. Dodds inasema hivyo hivyo.

RidaWaLurambi
hapo kwa mwezi kukosa nambari ndo swali langu. ndugu yangu ni wa boda, aligongwa na lori barabara ya kakamega webuye tarehe 29 februari 2024, mguu wa kulia umewekwa chuma mpaka leo anachechemea. sasa miaka mitatu ni 2027 na 2027 haina 29 februari. jamaa mmoja hapa stegi anasema eti tungojee 2028 juu ndo tarehe itarudi, mwingine anasema inaenda 1 machi. alafu pia dereva wa lori ako na kesi ya trafiki bado haijaisha na tunaambiwa tungoje iishe kwanza. lori ni ya mtu binafsi

KaraniWaKisumu
Ndugu yangu pole kwa huyo kijana. Mwambie huyo wa stegi asirudie hiyo ya 2028 mbele ya mtu mwingine, itaangamiza familia. Miaka mitatu kutoka 29 Februari 2024: unaenda Februari 2027, unatafuta 29, hakuna, unachukua siku ya mwisho ya mwezi ambayo ni 28 Februari. Sasa angalia kalenda, hiyo 28 Februari 2027 ni Jumapili. Kifungu cha 57 kinasema siku ya mwisho ikiwa Jumapili ama sikukuu inasogea hadi siku inayofuata ya kazi, hapo ni Jumatatu 1 Machi. Huyo wa pili kwa hivyo amegonga tarehe, lakini kwa sababu isiyo yake. Mwaka mwingine 28 Februari ikiwa Jumatano, tarehe 1 Machi ingekuwa umezikwa.

Na hata hiyo Jumatatu isahau. Kwa diari yangu ningeandika Ijumaa 26 Februari 2027 kama mwisho kabisa, na kwa kweli mwende sasa. Kesi ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva, hii yenu ni ya kudai fidia, na moja haisimamishi saa ya nyingine. Ushahidi wa trafiki utawasaidia ndiyo, lakini mnaweza kufaili yenu na ikangojea huko ndani ikiwa hai, kuliko ingoje nje ikufe.

Na ile ya kusema ni ya mtu binafsi ni muhimu sana. Ingekuwa gari la serikali, zile nambari za GK, mngekuwa na miezi 12 tu, yaani 28 Februari 2025, ishaenda. Gari la kaunti pia usibahatishe, hesabu miezi 12.

RidaWaLurambi
na kama mtu amepitwa hakuna kuomba korti?

KaraniWaKisumu
Kuna mlango mdogo, vifungu vya 27 na 28 vya Sura ya 22. Ni kwa kesi za kuumia kwa uzembe, na lazima uonyeshe kulikuwa na jambo kubwa la kesi ambalo hukulijua wala hungeweza kulijua, mfano ugonjwa wa mapafu kutoka kwa kazi ya vumbi ambao ulijitokeza baadaye. Kukosa pesa ya wakili si jambo la aina hiyo. Kungojea bima ikupigie simu pia si jambo. Huyo kijana alijua siku hiyo hiyo kwamba amegongwa na nani, huo mlango si wake.

Na kwa mikataba hata huo mlango haupo. Divecon v Samani, Korti ya Rufaa, walisema wazi miaka sita ya mkataba ikiisha hakuna jaji ana uwezo wa kuongeza.

Kilimo_Naivasha
Mimi nilikuwa nafanya kwa shamba la maua, sitaitaja. Barua ya kufutwa ni ya tarehe 16 Mei 2023 na niliipata siku hiyo. Nikakata rufaa ya ndani, wakakaa nayo, wakanijibu wamekataa 8 Septemba 2023. Chama kikaniambia nihesabu kutoka jibu la mwisho juu hapo ndo mambo yaliisha. Kwa hivyo nilikuwa najua niko na hadi Septemba 2026. Karani niambie ukweli.

KaraniWaKisumu
Dada ukweli ni kwamba hesabu kutoka 16 Mei 2023. Sheria ya Ajira inakupa miaka mitatu (kilikuwa kifungu cha 90, kwa toleo jipya ni cha 89) na saa inaanza siku kazi ilikatwa. Rufaa ya ndani haiisimamishi, mazungumzo hayaisimamishi, kungoja kesi ya jinai iishe pia Korti ya Rufaa ilishasema hakuisimamishi. Watu wanadanganywa sana na hii ya "tunaongea, tunaongea". Ongeeni, lakini karatasi iwe imefailiwa.

Sasa 16 Mei 2026 ni Jumamosi. Usijaribu kuegemea Jumamosi kama ile Jumapili ya Lurambi. Katiba yenyewe kwa kifungu cha 259(7) inataja Jumapili na sikukuu peke yake, Sura ya 2 inaongeza siku ambazo si za kazi kiofisi, na sitaki wewe ndio uwe mtu wa kupima kama Jumamosi iko ndani. Yako inaisha Ijumaa 15 Mei 2026 na ikiwezekana uwe umefaili kabla ya Krismasi hii. Kama kuna mishahara waliyokuwa wakikata kila mwezi mfululizo hiyo ina hesabu yake, inaitwa madhara yanayoendelea, ni miezi 12 tu tangu yalipokoma, kwa hivyo hiyo mwambie wakili mapema kabisa.

Kilimo_Naivasha
Nimeona. Nimechora kwa kalenda ya simu. Asante, singejua.

MzeeWaChwele
Mwanangu, mimi nilinunua ekari moja na nusu hapa Bungoma. Tuliandikiana kwa kitabu cha mazoezi mbele ya wazee tarehe 31 Agosti 2012, nikalipa kidogo kidogo, na kila nikilipa anaandika "nimepokea" anaweka kidole. Ya mwisho ilikuwa 20 Juni 2013. Nimejenga, nimepanda miti, watoto wameolewa hapo. Kwa bodi ya ardhi hatukuenda. Aliyeniuzia alifariki, na vijana wake sasa wanasema karatasi yangu si kitu nitoke, na chifu ameniandikia barua mbili. Wengine wananiambia nidai kwa sababu ya miaka 12. Inahesabiwa kutoka lini?

KaraniWaKisumu
Mzee wangu shikamoo. Hiyo yako ina saa mbili ndani yake na moja ilishaisha zamani, wacha nianze na hiyo.

Shamba la kilimo lenye liko chini ya bodi ya ardhi, ile inatoa kibali cha kuuziana, ombi la kibali linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Nyinyi mliandikiana 31 Agosti 2012. Miezi sita inaangukia Februari 2013, haina 31, kwa hivyo ni 28 Februari 2013. Na tazameni hapa wadau, mngekuwa mmeandikiana 28 Agosti, ama 29, ama 30, bado mwisho ungekuwa 28 Februari 2013. Tarehe nne tofauti, mwisho mmoja. Mwenye alisaini mwisho wa Agosti anapewa siku chache kuliko jirani yake na hakuna anayemwambia. Bila kibali mkataba wa kuuziana haushiki, na sheria inakuachia tu kudai pesa zako kama deni. Korti Kuu inaweza kuongeza hiyo miezi sita kukiwa na sababu ya kutosha, na kuna kesi ambazo majaji wamemwokoa mnunuzi kwa njia zingine, hiyo mwachie wakili.

Saa ya pili ndio yako mzee. Miaka 12 ya kukaa kwa shamba waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe. Kwa mtu aliyenunua, haihesabiwi kutoka siku ya kuandikiana, kwa sababu wakati ulikuwa bado unalipa ulikuwa humo kwa ruhusa yake. Kuna kesi ya zamani, Public Trustee v Wanduru ya 1984, inasema unahesabu kutoka ulipomaliza kulipa. Kile kidole cha tarehe 20 Juni 2013 kwa kitabu cha mazoezi ndicho kinaanzisha saa. Miaka 12 imetimia 20 Juni 2025. Hicho kitabu kipige kopi leo na usimpe mtu ile ya asili.

Barua za chifu hazijasimamisha kitu. Githu v Ndeete, pia ya 1984, inasema saa inakatwa mwenye shamba akikushtaki ama akiingia akalichukua kikweli, si kwa barua ya kukuambia utoke. Na shamba kuhama kutoka kwa baba hadi kwa watoto hakuanzishi hesabu upya. Jua tu kwamba wakikimbia kortini kabla yako mambo yatakuwa mazito, kwa hivyo usilale.

Kitu kingine kwa wote wenye wanafikiria hii njia: hapa kuwahi ni hatari kama kuchelewa. Kwa ajali unataka kufaili mapema. Kwa shamba lazima miaka 12 iwe imetimia *kwanza*. Mtu akipiga 365 mara 12 anapata 4,380, na kutoka Juni 2013 hadi Juni 2025 kuna 29 Februari tatu, za 2016, 2020 na 2024. Angefaili 17 Juni akijua ametimiza na angekuwa bado siku tatu. Na shamba la umma usihangaike nalo hata ukae miaka hamsini, sheria imelitoa nje.

Mzee enda Korti ya Mazingira na Ardhi hapo Bungoma, na ubebe nakala ya rejista ya hilo shamba iliyothibitishwa na ofisi ya ardhi, bila hiyo ombi lako litakuwa na shimo.

MzeeWaChwele
Marahaba mwanangu. Kitabu ninacho kwa sanduku. Nitamtuma mjukuu apige kopi Chwele sokoni.

Shemeji_Kondele
Mimi ni fupi. Nilimkopesha mtu elfu themanini Machi 2018, alisema atarudisha kufikia 30 Juni 2018. Akanitumia elfu tano kwa M-Pesa 11 Novemba 2020, kimya tangu hapo. Nimeambiwa deni limekufa juu ni miaka sita.

KaraniWaKisumu
Omera deni halijakufa. Miaka sita ilianza alipokosa kulipa 30 Juni 2018 na ingeisha 30 Juni 2024. Lakini akilipa hata sehemu, hesabu inaanza upya siku hiyo, kifungu cha 23. Elfu tano za 11 Novemba 2020 zimekusogeza hadi 11 Novemba 2026. Toa taarifa ya M-Pesa ya hiyo siku, na utafute meseji yenye inaonyesha hizo elfu tano zilikuwa za hilo deni, asije kusema alikutumia za matanga. Akikubali tena kwa maandishi na asaini, hiyo pia inaanzisha upya. Elfu themanini unaweza kwenda Korti ya Madai Madogo, iko hapa Kisumu na inachukua hadi milioni moja.

Njoro_Boy
Wakuu kwani Desemba korti si huwa zimefungwa? Nilisikia 21 Desemba hadi 13 Januari haihesabiwi kabisa.

KaraniWaKisumu
Nimefurahi umeleta hiyo, imeua kesi nyingi. Ni kweli iko, kanuni za kesi za madai, Oda ya 50, siku 24 zinaachwa. Lakini soma inaachwa kwa hesabu gani: muda uliowekwa na *kanuni hizo* ama na *amri ya korti*. Jaji akikuambia 10 Desemba uweke majibu kwa siku 21, hapo ndio utaruka sikukuu. Miaka mitatu ya ajali, miaka sita ya deni, hizo zimewekwa na Bunge kwa sheria nyingine na haziendi likizo. Ikikuangukia 28 Desemba ni 28 Desemba.

Sikukuu za ghafla ni tofauti kidogo. Kama ile Jumatatu ya 13 Novemba 2023 ya kupanda miti, ama 10 Mei 2024 ya kuomboleza waliokufa kwa mafuriko. Siku yako ya mwisho ikiangukia siku kama hiyo inasogea. Lakini inasogea tu ikiwa ni ya *mwisho*. Sikukuu za katikati zote zinahesabiwa, isipokuwa muda wenyewe ukiwa wa siku sita kushuka chini.

Njoro_Boy
Na muhula wa wabunge? Tulipiga kura 9 Agosti 2022, miaka mitano si ni 9 Agosti 2027?

MwanafunziWaSheria_Kakamega
Hapana hiyo haiendi kwa nambari. Kifungu cha 101 kinasema Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. 2017 ilikuwa tarehe 8, 2022 tarehe 9, na 2027 itakuwa tarehe 10. Muhula unaishia siku ya uchaguzi unaofuata.

Wairimu_Pipeline
Swali la mwisho kwangu. Siku hizi ni kufaili kwa mtandao. Nikituma saa tano usiku siku ya mwisho niko ndani?

KaraniWaKisumu
Dada kutuma si kufaili. Korti zimekuwa zikisema karatasi imefailiwa ada ikilipwa. Unaweza kupandisha kila kitu saa tano usiku, mfumo ukakaa bila kukupa bili, ama ukose salio, ukalipa asubuhi, na risiti itasema asubuhi. Kwa hivyo ukitaka kujua uko ndani usiangalie saa ya kupandisha, angalia tarehe ya risiti ya malipo, uipige picha na uihifadhi pamoja na ile karatasi yenye muhuri.

Mwenye bado ana tarehe aiweke hapa chini, aseme kitu kilifanyika siku gani, alikipokea siku gani na anamdai nani, mtu binafsi ama serikali. Nitajibu jioni nikitoka rejistri.